Gundi ya Esdras

Karatasi iliyoleta balaa ilifika Mususa, mtaa wa Butembo, mkononi mwa polisi mmoja aliyevaa kandambili. Aliikabidhi mlangoni, akaomba maji ya kunywa, akanywa, akashukuru, akaenda zake. Esdras Lusenge, fundi redio na mwenye Redio Kisima, aliisoma akiwa amesimama, kisha akaketi juu ya betri ya gari na kuisoma tena. Mkewe Tamar alikuwa ndani ya studio, chumba ambacho zamani kilikuwa cha wageni, kuta zake zimefunikwa kwa trei za mayai na mablanketi. Alikuwa akipanga matangazo ya vifo ya jioni.

“Mama Eliane,” Esdras aliita. Waliitana kwa jina la binti yao wa kwanza, kama wazazi wote wa mtaa ule. “Kuya uone. Batu ya Beni banataka kutunyanganya fréquence.”

“Banataka nini?”

“Fréquence yetu. Banaipatia radio yabo ya mupya. Na sisi tupeleke dossier, kama tunataka ingine.”

Hiyo ilikuwa miaka ya vita, vile vita vya pili, wakati nchi imekatwa vipande na kila kipande kina serikali yake, mihuri yake na vizuizi vyake barabarani. Butembo ilikuwa chini ya utawala wa Beni. Ukishuka kusini, ukipita Lubero, askari wa upande wa Beni walikuwa wakitazamana na askari wa upande mwingine, na barabara ilikuwa imefungwa. Katika hali hiyo, ungedhani serikali ina mambo mengi ya kufanya. Kumbe ilikuwa imepata nafasi ya kugawa upya mawimbi ya redio. Karatasi ilisema kila redio iliyoguswa na mgawo huo ilete Beni ruhusa yake ya asili, cheti cha kiwanda kilichotengeneza mtambo, mchoro wa mnara, hati ya makazi yenye muhuri wa chifu wa mtaa, ratiba ya vipindi, na picha za wote wanaozungumza kwenye maikrofoni. Asiyeleta, mtambo wake utafungwa na hatapewa wimbi lingine.

Tamar alirudisha karatasi mkononi mwa mumewe.

“Na mama?” aliuliza.

Esdras alikunja karatasi. Alielewa.

Hapo inabidi nieleze habari ya gundi, kwa sababu bila gundi hiyo kusingekuwa na hadithi. Esdras alikula kwa kutengeneza redio za watu. Wateja wake wengi walikuwa wazee wa vijijini, wanaobeba redio shambani ndani ya kikapu pamoja na jembe na viazi. Redio ikitikisika kikapuni, kigurudumu cha kutafutia stesheni kinazunguka chenyewe, na jioni mzee anasikia mluzi tu. Walikuwa wakitembea mpaka Mususa kumwambia fundi kwamba redio imekufa, naye anakigeuza kigurudumu kwa kidole kimoja, inafufuka. Siku moja alichoka. Akaiweka redio ya bibi mmoja kwenye Redio Kisima, akadondosha tone la gundi kali kwenye kigurudumu, akamwambia haitakufa tena. Bibi yule akasimulia kanisani. Tangu hapo watu walikuja wenyewe kuomba gundi, kutoka Musienene, kutoka Lubero, mpaka kutoka Alimbongo kule juu kwenye baridi. Esdras alisema anawasaidia wazee, na kweli aliwasaidia. Lakini alijua pia kwamba msikilizaji aliyegandishwa haendi kwa jirani. Hata wachungaji wa kanisa hawakuwa na waumini waaminifu namna ile.

Redio moja ya gundi ilikuwa Alimbongo, mbele ya Lubero, karibu na mstari wa askari, juu ya kabati la Mama Orpa, mama yake Tamar. Mama huyo alikuwa amekimbia vita mara mbili, na mara zote mbili vita vyenyewe havikuwepo. Watu walipita wakipiga kelele kwamba askari wanakuja, naye akatoka mbio na mkeka wake, na wale wale waliopiga kelele wakabaki nyuma kubeba mbuzi wake. Mara ya pili walibeba hata mlango. Mama Orpa alipotengenezewa mlango mwingine alimpa bintiye neno moja, na alikuwa mtu wa kushika neno.

“Siku wewe mwenyewe utaniambia mu radio, na sauti yako, pale njo nitatoka. Bengine bote ni bongo, banadanganya.”

Tangu barabara ifungwe, Tamar hakuwa na njia nyingine ya kuzungumza naye. Kila jioni, baada ya matangazo ya vifo, alisalimia wasikilizaji wa mbali. Hakutaja majina, maana wakati ule kutaja jina la mtu hewani kulikuwa kumtafutia matata. Alisema tu: “Mama, kaa muzuri, lala muzuri.” Huko Alimbongo Mama Orpa aliitika peke yake jikoni, kisha akazima redio kulinda betri.

*

Kukusanya makaratasi ni kazi inayompunguza mtu. Chifu wa mtaa, ambaye nyumba yake ilikuwa nyuma ya choo cha Esdras na ambaye alikuwa akiazima nyundo yake kila mara, alidai kwanza athibitishiwe kwamba Esdras anaishi pale. Mpiga picha aliwavalisha mume na mke koti lile lile, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu alisema Beni hawapendi picha za watu wasio na koti. Tamar alitoka kwenye picha na mabega ya mwanaume.

Walipanda lori la Kasonia, jirani yao aliyekuwa akibeba maharage kwenda Beni, wakaketi juu ya magunia na dossier ndani ya mfuko wa nailoni. Kwenye kizuizi askari mmoja kijana aliufungua mfuko akidhani ni chakula.

“Noki, mama, noki,” aliwahimiza kwa Kilingala alipoona ni karatasi tu, akawaruhusu kupita kwa hasira.

Ofisi ilikuwa nyumba ya mfanyabiashara aliyekimbia, bado ina mapazia yake ya maua. Watu waliiita Bureau ya Mawimbi. Mlangoni alikaa Solange, katibu mwenye sauti ya upole ambaye kazi yake yote ilikuwa kusema mukubwa hajafika. Mukubwa alipofika alikuwa Monsieur Syauswa, zamani mwalimu wa sekondari, mwembamba, koti lake limeshonwa upya kwenye viwiko. Alisoma dossier ukurasa kwa ukurasa mbele ya watu wote wa kwenye benchi, kama anasahihisha mtihani.

“Autorisation hii ni ya Kinshasa,” alisema.

“Ni original, Chef. Njo munaomba.”

“Ni original ya serikali ya adui.”

“Wakati banaitoa haikukuwaka adui, Chef. Sisi bote tulikuwaka kwabo.”

Syauswa alitabasamu kidogo, akageuza ukurasa.

“Certificat ya fabrication ya émetteur?”

“Haiko.”

“Uliinunua wapi?”

“Sikuinunua. Niliitengeneza.”

“Wewe ni usine, kiwanda kizima?”

“Mi ni Esdras.”

Watu wa kwenye benchi walicheka. Hawakuwa na ubaya, walikuwa wamekaa muda mrefu na walihitaji kitu cha kuchekea. Lakini Esdras aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mtambo ule aliuunda kwa vipande vya mashine za misheni, kwa miaka, akiunga nyaya zake mwenyewe kwa risasi ya kuyeyusha, na mpaka siku hiyo ulikuwa ndio fahari ya maisha yake.

“Donc andika: Usine Esdras, Mususa,” Syauswa alisema, akainua muhuri wa ofisi. “Mais lazima cachet ya usine.”

“Siko na cachet.”

“Bila cachet, haiko usine.”

“Na tukileta cachet?” Tamar aliuliza. Alikuwa hajasema neno tangu asubuhi, na sauti yake ilipotoka watu wa kwenye benchi wakageuka. Waliijua. Syauswa naye akainua macho.

“Ni wewe,” alisema. “Mama wa bakufa.”

Ndivyo walivyomwita, kwa sababu ya matangazo ya vifo. Tamar aliinamisha kichwa, na walirudi Butembo bila kitu.

*

Esdras alichonga muhuri kutoka kwenye soli ya kandambili. Alichonga kwa kisu kidogo, mviringo mzuri wenye jina la kiwanda chake, akaupaka wino, akagonga cheti kinachosema kwamba Esdras Lusenge ndiye aliyetengeneza mtambo wa Esdras Lusenge. Hakukuwa na uongo hata mmoja ndani yake. Tamar alicheka, kicheko cha kwanza tangu polisi aje, na asubuhi yake wakapanda tena juu ya maharage ya Kasonia.

Safari hii Syauswa aliwaingiza ndani na kufunga mlango. Alikitazama cheti, akakinusa.

“Ni kandambili?”

“Ndiyo, Chef.”

“Ni kazi ya muzuri.” Alikiweka mezani polepole. “Fundi, nikuambiye ukweli, juu naona munachoka bure. Ata ungeleta cachet ya zahabu, ile fréquence hautaipata. Unajua juu ya nini balichagua yako, na zingine ziko tupu?”

“Sijuwe.”

Syauswa alifungua mtoto wa meza, akatoa redio ndogo nyeusi iliyofungwa kwa raba. Hakukuwa na haja ya kueleza. Esdras aliliona tone lake, limekauka rangi ya njano juu ya kigurudumu.

“Ni ya mama yangu, kule Musienene,” Syauswa alisema. “Nilitaka kusikia habari ya inchi ingine, nikageuza, haigeuki. Akaniambia, mutoto, hizi zote habazigeuzaka, ni fundi wa Mususa anazifunga. Nikaenda kusimulia bakubwa, ni kusimulia tu, tulikuwa tunakula. Kesho yake njo banasema banataka ile fréquence.” Alikigonga kigurudumu kwa ukucha. “Radio ingine, mutu akichoka na maneno yenu, anageuza. Hizi zako hazigeuki. Serikali gani itaacha kitu kama hii?”

Esdras alijiona mjinga. Miaka yote alikuwa amejisifu kwamba amewashika watu wa milimani, na sasa mtu mwingine alikuwa amekuja kuwachukua wakiwa wameshafungwa tayari, kazi ya kufunga ameifanya yeye, na kwa uhodari.

“Na kuko ingine,” Syauswa aliendelea, akimgeukia Tamar. “Radio ya mupya inatafuta mutu wa kusoma. Batu banakujua. Ukikubali, dossier yenu itatembea, munaweza kupata fréquence ingine. Sisemi itatembea mbio. Itatembea.”

“Wimbi ingine, nani ataisikia?” Tamar alisema. “Radio zabo zinafungwa.”

Syauswa akaifungia redio ya mama yake kwenye mtoto wa meza.

Walipofika Mususa jioni walikuta studio imefungwa, karatasi nyekundu imegandishwa mlangoni. Askari walikuwa wamekuja walipokuwa njiani. Kwenye redio ya jirani, pale pale ambapo jana kulikuwa na Kisima, mwanaume mmoja alikuwa akisoma amri mpya za utawala kwa sauti ya kutangaza mpira.

*

Baada ya hapo siku zilienda bila salamu. Tamar alipika, akafua, akaenda kanisani, na kila jioni saa ya salamu ilipofika alitoka nje akasimama karibu na mnara uliozimwa kama mtu anayengoja lori. Mama yake alikuwa anawasha redio huko, alijua, na alikuwa anasikia sauti ya mtu asiyemfahamu.

Kisha Kasonia akaja na habari za askari. Alisimama uani bila kukaa, kofia mkononi.

“Ku hôpital banaleta basoda ya kuumia, camion nzima. Beko natoka kusini. Banasema bale ya ngambo banapanda. Bakivuka, ni Alimbongo njo ya kwanza.”

“Batu ya Alimbongo banajua?” Tamar aliuliza.

“Bamoja banajua. Balituma batu kubaambia. Bengine banasema ni bongo ya bezi.”

Tamar alijua ni nani hao wengine. Aliwaza mama yake akimfukuza mjumbe mlangoni kwa ufagio, na huenda hakukosea sana. Aliingia ndani akaanza kufunga nguo kwenye kitenge.

“Unaenda wapi?” Esdras aliuliza.

“Beni.”

“Kusoma bongo yabo?”

“Kusoma kile batanipatia.”

“Mama Eliane, batu batasema nini? Balifunga studio yetu. Balitucheka ku benchi. Na wewe unaenda kubapatia sauti?”

Tamar alikaza fundo la kitenge, akamtazama. Hakuwa mwanamke wa makelele, na hakupiga kelele sasa.

“Baba Eliane, radio ya mama inasikia paka kule uliifunga, kule tu. Kama ungeacha igeuke, ningeenda ku radio ya misheni, ningeenda ku radio ya mutu yote. Mais uliifunga. Donc naenda kule.”

Maneno hayo yalimchoma Esdras, na yalimchoma zaidi kwa kuwa yalisemwa kwa upole. Alibeba kitenge chake mpaka kwenye lori. Alimsaidia kupanda. Kasonia alipowasha injini, Esdras alitaka kusema pole, lakini moshi ulikuwa mwingi na lori likaondoka.

*

Beni walimpokea vizuri, na hiyo nayo ilikuwa namna yake ya aibu. Walimpa kiti chenye mto, katika nyumba ile ile ya mapazia ya maua. Walimpa soda. Alisoma majina ya ushuru mpya, ziara za wakubwa, onyo kwa wanaopitisha mbao usiku. Alipoomba asalimie watu wa mbali kama zamani, kijana wa mitambo alimwonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani: hakuna kusema neno ambalo halikuandikwa. Akasoma na kunyamaza, siku baada ya siku, akingoja. Alifikiri labda sauti yenyewe itatosha, kwamba mama ataelewa. Lakini alimjua mama yake. Mama angengoja neno.

Siku moja karatasi ya kusoma ililetwa na Syauswa mwenyewe, kwa kuwa watu waliosoma walikuwa wachache na aliyetoa vibali vya redio ndiye aliyesimamia redio pia. Tamar aliisoma kwanza kimya.

“Chef, ni kweli?”

“Ni communiqué ya bakubwa.”

“Nauliza kama ni kweli.”

Syauswa alitazama mlango. “Bakubwa banataka barabara ikuwe wazi. Batu na bintu yabo bakijaa mu njia, camions ya basoda hazitapita. Donc batu bakae.”

“Bakae mu vita.”

“Mama, mi nilikuwa mwalimu. Sikupanga haya.”

“Mama yako eko Musienene, Chef. Ya kwangu eko Alimbongo. Ya kwangu njo ya kwanza, kisha Lubero, kisha ya kwako.”

Syauswa aligeuza uso wake kwenye pazia la maua. “Soma tu,” alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba.

Mususa, kwenye karakana ya Esdras, wateja walikuwa wameketi juu ya makopo wakingoja redio zao. Ile ya mezani ilikuwa imewashwa. Muziki ulikatika na sauti ya Tamar ikaingia, na Esdras akaweka chini kisu chake.

“Wakaaji wa Alimbongo, Lubero na kandokando wanaombwa kubaki makwao,” sauti ilisema. “Hali ni shwari. Kila mtu aendelee na kazi yake. Anayesambaza uvumi ataadhibiwa kwa mujibu wa sheria.”

Aliisoma yote, tangu tarehe mpaka jina la aliyetia sahihi, bila kuruka neno. Mteja mmoja aliguna. Esdras alitazama chini, na kwa muda mfupi alimwonea mkewe aibu, jambo ambalo hakujisamehe baadaye.

Kisha sauti ikabadilika. Ikawa ile ya jikoni, ile ya salamu.

“Mama, ni mi, mutoto wako. Usikae. Toka leo. Acha mbuzi, acha mulango. Fata barabara, kuya mpaka Musienene, nitakungojea kule.”

Ndani ya studio kijana wa mitambo alishika swichi akamtazama Syauswa. Syauswa aliinua mkono wa kuamuru, ukafika usawa wa kifua, ukabaki hapo. Tamar aliona. Alirudia maneno yote kwa Kinande, lugha ya kwao, haraka lakini wazi, mpaka mwisho. Ndipo mkono ukashuka, na swichi nayo, na muziki ukarudi.

Walimweka kwenye chumba kisicho na dirisha mpaka jioni. Askari wawili walitaka apelekwe mbali zaidi. Syauswa aliandika ripoti kwa mkono wake, kwamba mtangazaji alikuwa na homa kali na alipayuka, akagonga muhuri mara tatu, na kwa muhuri huo Tamar akatoka akiwa mzima. Solange alimpa kitenge chake mlangoni, ndani yake amefunga ndizi za kuchoma. Hakusema kitu, alimgusa tu mkono.

Kesho yake polisi wa kandambili alikuja tena Mususa. Dossier ya Redio Kisima ilikuwa imekataliwa: karatasi hazikutimia, cheti cha kiwanda hakikubaliki. Askari waliokuja naye walibeba mtambo, wakauangusha mara moja wakiupakia. Esdras alisikia kitu kikivunjika ndani yake, akajua ni nini hasa kimevunjika.

*

Tamar na Esdras waliwangojea watu wa Alimbongo kule Musienene, kando ya barabara, siku ya soko na siku zilizofuata. Kwanza walipita wachache, kisha barabara ikajaa. Watu walikuja na magodoro, na kuku, na viazi vya mbegu, na wagonjwa kwenye machela, na malori ya askari yakapiga honi bure. Vita vilikuwa vimefika Alimbongo, walisema. Waliogeuka nyuma walisema nyumba zinaungua. Wengi walikuwa wanawake wazee, mzigo mgongoni na kamba kwenye paji la uso, na karibu kila mmoja alikuwa na redio ndogo shingoni.

Mmoja wao alisimama mbele ya Tamar, akihema.

“Mutoto wangu eko wapi? Eko Butembo, anauzisha mafuta. Aliniita mu radio, aliniambia atakuwa hapa.”

“Mama, ilikuwa …” Tamar alianza.

“Ni ye. Nilijua sauti yake.”

Mwingine nyuma yake alisema hapana, aliyeita alikuwa binti yake yeye, yule wa Beni, anayeongea haraka. Na wa tatu akasema na yeye ameitwa. Tamar aliwatazama akashindwa kuwaambia. Kila mmoja wao alikuwa ametoka kwa sababu mtoto wake alimwita, na walikuwa hai hapo mbele yake, wakibishana. Akawaonyesha mahali penye maji, akalia kidogo akiwa amewapa mgongo.

Mama Orpa alikuwa miongoni mwa wa mwisho. Walimwona kwa mbali na hawakuelewa wanachokiona, maana kilichokuja kilikuwa mlango unaotembea. Ulikuwa mgongoni kwake, umefungwa kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, na kitasa chake kinaning’inia. Esdras alikimbia kumpokea. Mama Orpa hakukubali mpaka alipofika kwa bintiye. Hapo aliutua chini, akaulaza kwenye majani, akaketi juu yake.

“Nilikuambia uache mulango,” Tamar alisema. Alikuwa amepiga magoti, amemshika miguu iliyovimba.

“Ulisema. Baliiba mara moja, nilibaachia. Mara ya pili, hapana.” Alimpapasa bintiye kichwani, polepole, kama anahakikisha. “Ulisema niache mbuzi, nikaacha. Wasingya, asante, mutoto wangu. Uliniita, nikasikia.”

Redio shingoni mwake ilikuwa inaongea. Ile sauti ya mwanaume wa mpira ilikuwa ikisema kwamba wakaaji wa Alimbongo wako majumbani mwao, wanaendelea na kazi zao kwa amani. Wanawake waliokuwa karibu walinyamaza wakasikiliza habari zao wenyewe. Mama Orpa aliivua redio akamnyooshea mkwewe kwa mikono miwili, kwa heshima, bila kumtazama usoni.

“Baba Eliane. Toa ile colle, ile gundi yako.”

“Mama, Kisima haiko tena. Balibeba émetteur. Ata nikitoa, hakuna kwenye utanisikia, wala kumusikia Tamar.”

“Najua. Tangu Tamar alinyamaza, hii inasema paka bongo, na siwezi kuigeuza. Inaniambia niko ku nyumba. Niko hapa.” Alinyoosha mikono zaidi. “Toa. Nitatafuta mi mwenyewe.”

Karibu na hapo mama mmoja alikuwa anachoma mahindi. Esdras alimwomba moto, akatia ncha ya kisu chake ndani ya makaa mpaka ikawa nyekundu. Akachuchumaa, akaiweka redio kwenye goti, akaanza kukata tone lake mwenyewe, taratibu asije akaharibu kigurudumu. Gundi ilitoa moshi mbaya. Ilikuwa imeshika vizuri, ilikuwa kazi nzuri, na ilimchukua muda. Alipomaliza alikigusa kigurudumu kwa kidole. Kikazunguka. Ikasikika mluzi, muziki wa Kinshasa, mluzi tena, mtu anayesoma habari kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua pale.

Mama Orpa aliichukua, akaiweka sikioni, akawa anageuza mwenyewe, mbele na nyuma, uso umekunjamana kwa kusikiliza. Esdras alitaka kumwambia pole, yeye na Tamar na wote, na safari hii hapakuwa na moshi wa lori wa kumzuia. Aliinua kichwa. Mwanamke yule ambaye mtoto wake anauza mafuta alikuwa ameshaketi mbele yake, redio mapajani, na nyuma yake wengine walikuwa wanajipanga.

“Pole, mama,” Esdras alisema, akarudisha kisu kwenye makaa.